Mtamba auzwe na kadi yake

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika gazeti lako kwamba mitamba chotara, yaani ng'ombe majike ambao hawajazaa, wa damu ya asili na ya kizungu, wanaouzwa na wafugaji wadogo wa Uganda hawafai, na kwamba mwenye fedha zake afadhali avuke mpaka akanunue Kenya. Mimi nafuga na kuuza mitamba hapa Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, tangu marehemu mume wangu akiwa hai. Hasara anayoieleza naijua, maana walioipata huja kwangu kulia. Lakini lawama amemtupia ng'ombe, na ng'ombe hana kosa. Mtu anatoa shilingi milioni tatu na nusu, anapewa kamba mkononi, basi. Baba wa mtamba hajulikani, mama hajulikani, chanjo hazijulikani.

Nianze na baba. Ukimpandikiza ng'ombe wetu wa asili mbegu ya Friesian halisi, yule ng'ombe wa kizungu wa maziwa mengi, ndama anakuwa nusu kwa nusu, na huyo ndiye ninayemwamini kwa jua la huku kwetu njia ya Karuma. Ugumu kauchukua kwa mama, maziwa kayachukua kwa baba, na uzao huo wa kwanza huwa na nguvu yake ya ziada inayotokana na damu mbili zilizo mbalimbali kukutana. Tatizo linaanza kizazi cha pili. Kijijini kuna mtu ana dume chotara, mzuri wa macho, anamkodisha kwa kila anayehitaji. Dume huyo akimpanda jike chotara mwenzake, ile nguvu ya ziada inapungua kwa nusu, na ndama wanatoka kila mmoja na lake: huyu kamrudia bibi yake wa asili, yule anataka kula kama Friesian halisi. Dume akikaa hapo miaka michache anawapanda hata mabinti zake. Wote hao wanafikishwa mnadani kwa bei moja kwa sababu wana madoa meusi na meupe.

Wapo pia wa robo tatu, yaani chotara aliyepandikizwa tena mbegu ya Friesian. Kwa mtu wa Kapchorwa au Kabale, kwenye ubaridi, mwenye majani tembo ya kutosha na maji bandani, huyo ni ng'ombe wa kumtajirisha. Mpeleke Nakasongola achunge nyasi za kiangazi, atakonda, hashiki mimba, na kupe watammaliza. Mnunuzi angeambiwa damu yake kabla ya kulipa, angechagua mwingine.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Lira. "Mama, mimi nataka yule mwenye madoa," akasema. Nilikuwa na mwingine wa kahawia, mama yake chotara wa Friesian, baba yake Jersey, aina nyingine ya kizungu ya maziwa. "Baba, rangi haikamuliwi," nikamwambia, na nikamfungulia daftari. Mama wa yule wa kahawia alikuwa akinipa lita 12 kwa siku, na alikuwa anazaa kila mwaka bila kuruka. Mzee aliketi kivulini akasoma ukurasa wote, kisha akaondoka na wa kahawia.

Na afya je? Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mtamba anatakiwa achanjwe brusela akiwa na umri wa miezi 3 hadi 8. Hiyo ikipita, anayenunua hana njia ila kupima damu. Ugonjwa huo unamfanya ng'ombe atupe mimba, na watoto wanaokunywa maziwa mabichi wanapata homa isiyokwisha. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, nayo ina chanjo ya kudungwa mara moja maishani, pamoja na dawa. Ndama wangu wote wanaipata. Mtamba aliyelelewa kwa kupuliziwa dawa ya kupe kila wiki, bila chanjo hiyo, akifika kwenye boma lenye kupe wengi anaweza kufa mwezi huohuo, na mnunuzi akaamini amerogwa. Tena kuna mtamba aliyezaliwa pacha na dume. Zaidi ya 9 kati ya 10 wa namna hiyo hawazai maisha yao yote, kwa kuwa damu zao huchanganyika tumboni mwa mama. Muuzaji anajua jambo hilo tangu siku ya kuzaliwa. Kulinyamazia ni wizi.

Malezi sitayarefusha: dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa, ndani ya saa 6 za mwanzo, maziwa ya kutosha, na kupandishwa kwa uzito badala ya kuhesabu miezi tu. Mimi hupima kifua kwa utepe unaokadiria uzito, na chotara asiyefika kilo 250 simpandishi hata akitaka dume mara ngapi. Namuuza akiwa na mimba ya miezi 5 au 6 iliyopimwa na daktari, na tarehe ya kupandikizwa naiandika, ili mwenyewe ahesabu siku 280 hivi na ajiandae.

Haya yote yanaenea kwenye karatasi moja, ndiyo kadi ya mtamba ninayoisema. Sheria ya mwaka 2001 ya uzalishaji wa mifugo iliunda kituo cha taifa cha mbegu na uzalishaji wa mifugo kule Entebbe, NAGRC, na kutunza takwimu ni sehemu ya kazi yake. Lakini takwimu zinaanzia bomani kwangu na kwako. Watu sasa wanachukua fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, milioni 1 kwa kaya, wanaongeza za mahindi na mbuzi waliouza, wananunua mtamba mmoja. Kaya hiyo haina akiba ya kununua wa pili.

Ombi langu ni kwa maofisa wa mifugo wa wilaya. Ng'ombe hawezi kusafirishwa bila kibali chenu, na kabla ya kukitoa mnapaswa kumkagua. Hapo hapo mwulizeni muuzaji kadi: baba, mama, chanjo, tarehe ya kupandikizwa. Asiye nayo aandikiwe kwenye kibali kwamba hana, mnunuzi aone kabla lori halijaondoka.

Mfugaji,
Kigumba, Kiryandongo