Niangalizie hii profoma, shoga

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salaam nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, mama anakusalimu na anauliza dagaa wa Mwanza wanakuja lini, maana hawa wa huku anadai wana mchanga. Najua tangu harusi ya mdogo wake Mama Zai hatujakaa tukaongea vizuri. Mchango wako ulioingia wageni wakiwa wananawa mikono tulishausamehe, usijifiche. Shuleni tulifundishwa kuandika "madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali". Madhumuni ya hii ni kukuomba kazi ya bure: kelele za ofisi yetu.

Ofisi imehama. Tumepewa ghorofa zima, chumba kimoja tu kisicho na ukuta katikati: vigae chini, jipsamu juu, vioo pande mbili, na pande mbili zilizobaki plasta tupu iliyopakwa rangi. Kwenye picha inapendeza, sikatai. Sasa ingia saa nne asubuhi. Watu wa marejesho wanabembeleza wadaiwa kwenye simu, mauzo wanacheka, printa inakohoa, na yule kaka wa mikopo (unamjua, hajabadilika) bado anaongea kwa spika huku simu kaishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate. Bosi ana chumba chenye mlango, kwa hiyo kelele yeye anazisikia kupitia malalamiko tu. Akasema, "Utawala, shughulikieni." Utawala ndiyo mimi.

Kwanza ukatoka waraka: kila mtu apunguze sauti. Ulidumu mpaka chakula cha mchana. Wala siwalaumu, kuna daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alishaeleza hili mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti mwenyewe bila kujijua. Mmoja akipanda, jirani anapanda, na wa tatu naye.

Sasa kuna profoma mezani kwangu, karatasi ya bei ya muuzaji kabla hatujanunua, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Sponji nyeusi zenye vichuguu, mita za mraba 30, za kubandika ukutani. Halafu patisheni za kioo katikati ya meza. Kioo, shoga! Chumba kinalia kwa sababu ya vioo, na dawa ni kuongezewa vioo. Dari haijatajwa hata kwa bahati mbaya. Na kikao ni Alhamisi.

Jambo lenyewe walioandika profoma hawalioni, nami nililiona siku umeme ulipokatika. Viyoyozi vikazima, jenereta haijashika, ofisi ikatulia kweli. Basi nikasikia neno kwa neno mtu wa kona ile ya mbali akimweleza mwenzake habari za mama mkwe wake. Hakuna aliyeendelea na kazi, hata mimi. Umeme uliporudi, viyoyozi vikaanza kuvuma, kelele ikaongezeka, na watu wakarudi kwenye kompyuta zao. Umeiona? Kinachotuua si wingi wa sauti. Ni maneno yanayoeleweka. Sikio likishashika sentensi, kichwa kinaifuata hadi mwisho, utake usitake.

Nikaona nipime. Jioni watu walipopungua nikamkalisha Mama Zai kwenye meza yake asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mimi nirudi nyuma taratibu mpaka maneno yasishikike. Nikarudi, nikarudi, nikagota kwenye printa ukuta wa mwisho, bado namsikia anasoma bei ya vitunguu. Kuna kiwango cha kimataifa cha kupima ofisi za namna hii, ISO 3382-3, na moja ya vipimo vyake ni hicho hicho: umbali ambao baada yake maneno ya mtu hayakukoseshi tena umakini. Toleo la 2012 linasema ofisi nzuri ni mita 5 au pungufu, na ikizidi 10 ni mbovu. Najua wao wanatumia spika na maikrofoni, si Mama Zai na gazeti. Lakini ingekuwa mita 5, hata kwa gazeti nisingegota kwenye printa.

Halafu nikazama kwenye habari za yule Sabine, mwanafizikia wa sauti za majengo, ambaye wewe ulikuwa unatuchosha naye enzi za Chuo cha Ardhi na sisi hatukusikiliza. Mwaka 1895 Harvard wanampa ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu akisema neno, linabaki hewani zaidi ya sekunde 5. Anakwenda kubeba mito ya viti vya ukumbi mwingine, anaipanga usiku kucha, anapiga filimbi ya kinanda na kuhesabu muda sauti inavyokufa, asubuhi mito irudi kwa wenyewe. Kutokana na mito hiyo akapata kanuni yake: ujazo wa chumba mara 0.161, gawanya kwa jumla ya kile nyuso zote zinachomeza.

Nikaipigia hesabu ofisi yetu. Urefu mita 20, upana 12, kwenda juu 3, ujazo 720. Vigae, vioo na jipsamu havimezi karibu chochote, hivyo pamoja na watu na viti vyao nimekadiria umezaji wa mita za mraba 50 hivi, yaani ni kama tuna mita 50 tu zinazomeza sauti yote inayozigonga. Mwangwi, yaani muda sauti inaochukua kufa, unatoka sekunde 2.3. Weka zile sponji 30 za profoma, tuseme zinameza nusu: tunashuka hadi 1.8. Pesa yote ile! Lakini ukiacha kuta kama zilivyo, ukafunika dari yote kwa kitu kinachomeza asilimia 80, unakuta nusu sekunde. Najua utaniambia kanuni haipendi chumba kipana chenye dari fupi, sawa, nirekebishe. Ila tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kugeuka kichwa chini.

Na hizo patisheni, hata zingekuwa za kitambaa na ndefu kuliko mtu aliyekaa, sauti si inapanda darini na kuteremkia upande wa pili? Ndiyo maana nasema dari kwanza.

Bosi anajibu kwamba ofisi ya wazi inafanya watu waongeane. Nikamtajia utafiti wa Bernstein na Turban, 2018: kampuni mbili kubwa za Marekani zilivunja kuta, na maongezi ya ana kwa ana yakapungua kwa asilimia 70 hivi, watu wakahamia kwenye barua pepe na meseji. Akanyamaza. Yeye mwenyewe anamuona dada wa mapokezi kavaa spika za masikioni, anamtumia wasapu mtu aliyekaa naye meza moja.

Mawazo mengine yaliyoletwa: trei za mayai ukutani (nadhani unajua wazo hilo limetoka kwa nani). Nikamwambia zinameza kidogo sana tena sauti nyembamba tu, na cheche moja tu tunateketea. Sponji nazo nimeomba cheti cha moto, mpaka leo kimya. Mwingine anataka vibanda vya simu vyenye sponji ndani, kana kwamba sponji inazuia sauti kutoka. Sponji inameza tu mwangwi wa ndani, kuzuia kunataka ukuta mzito na mlango unaoziba kila upenyo. Hilo nililishika kutoka kwako, ona sasa.

Mimi nawaza paneli za pamba ya mawe, sentimita 5, kwenye fremu za mbao, zining'inie darini, zifunikwe kanga au kitambaa chochote ambacho ukikipuliza kwa mdomo pumzi inapita. Pumzi ikipita, sauti inapita ikamezwe. Fundi wa makochi wa Keko anaweza kuzishona, ila yeye anang'ang'ania leza bandia eti zifutike vumbi.

Basi nijibu kabla ya Alhamisi. Nusu sekunde yangu ni ya kweli au najifurahisha? Nikiweza kupata pesa ya theluthi mbili tu ya dari, nianzie juu ya watu wa marejesho au nitawanye? Vile vigae vya dari vya kuchomeka, na joto hili, viyoyozi vikizimwa Jumamosi na Jumapili, havitalegea kwa unyevu? Jipsamu iliyopo itabeba uzito wa fremu, au fundi atoboe mpaka kwenye zege? Nikikutumia ramani na profoma kesho utaziangalia kweli au utaniwekea zile alama mbili za buluu? Na unakuja lini Dar? Na yule mchumba wa Bukoba, mbona kimya?

Wako,
shoga yako wa Utawala