Mume wangu aliwaambia askari kwamba naendesha kamari

Kwako Shangazi,

Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Kinachonichoma si mashine kubebwa. Ni baba watoto kusimama mlangoni pa duka langu na kuwaambia askari, "Hata mimi nilimwambia hiyo ni kamari." Majirani wakisikia. Watoto wakisikia.

Unazijua zile mashine za midoli. Mtoto anatia sarafu ya ishirini, anaongoza mkono wa chuma, akibahatika anainua mdoli. Hiyo ndiyo ya kulinganishwa na bonanza za Wachina, zile mashine za kamari zilizokuwa zikichomwa na serikali? Kwangu hapatoki hata shilingi. Niliinunua kwa mkopo wa chama, na baba watoto anajua vizuri karo hutoka wapi.

Wakili alinisomea sheria ya kamari. Mchezo wa bahati ni wa bahati hata ukichanganyika na ustadi, na si lazima ushindi uwe pesa, kitu chenye thamani ya pesa kinatosha. Mdoli, Shangazi! Kifungua mimba wangu naye akaniambia New York walipiga marufuku pinball, ile mashine ya kurusha mpira mdogo wa chuma, mwaka wa 1942, mpaka 1976 mchezaji mmoja, Roger Sharpe, alipoicheza mbele ya madiwani, akataja mpira utapita njia gani, ukapita. Wakairuhusu. Nami niko tayari kucheza mbele ya hakimu pale Makadara. Ukizoea, unainua.

Ila aliyeniuzia alinionyesha pa kupunguza nguvu za ule mkono, ushike kisha ulegee. Alisema wote hufanya hivyo, la sivyo midoli ingeisha kwa siku moja. Nilipunguza kidogo tu. Wakili sijamwambia. Baba watoto anajua, yeye ndiye aliyenishikia tochi. Sasa alipataje mdomo wa kusema vile mbele ya watu?

Anataka nikubali kosa, tulipe faini, yaishe. Nimechoka, hata mimi nataka yaishe. Lakini nikikubali, maneno yake ya pale mlangoni yatakuwa ndiyo kweli, na mimi sikubali.

Kesi ni Alhamisi. Nimwambie wakili habari za ule mkono au ninyamaze? Na huyu mume ninayemwekea chakula bila kumsemesha wiki ya pili sasa, nimfanyeje?

Mama wa duka, Kayole