Watoto wadogo wafikiriwe katika sherehe za Halloween

Mhariri,

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, zipo hoteli hapa Malindi ambazo huandaa sherehe za Halloween, ambapo watu huvaa mavazi ya kutisha na maboga yaliyochongwa huwashwa mishumaa ndani, na wazazi, wenyeji kwa wageni, huhudhuria pamoja na watoto wao. Nawaomba waandaaji waanze saa kumi alasiri, kwa kuwa hapa kwetu jua huzama mnamo saa kumi na mbili, na mtoto wa miaka mitatu aliyekwisha kuchoka, akikutana gizani na mtu mzima aliyefunika uso kwa kinyago, haoni mchezo hata kidogo. Mwanangu alilia mwaka jana hadi tukarudi nyumbani, na kwa wiki nzima alikataa kulala peke yake. Jambo hilo liliniumiza sana. Wenye vinyago wavivue mbele ya wadogo.

Peremende ngumu za duara, ambazo huweza kumsakama mtoto kooni, zibadilishwe kwa vipande vya mkate wa sinia. Ndani ya maboga ziwekwe taa za betri badala ya mishumaa, kwani baadhi ya mavazi ya sherehe hizo hushika moto upesi.

Mzazi,
Malindi