Barua kwa Mjomba Kuhusu Samaki wa Mto Kiptiget

Mjomba mpendwa,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Tulipokutana Kisumu kwenye matanga ulitangaza mbele ya watu kwamba mpwa wako amepotea, kwa kuwa hufunga safari hadi Msitu wa Mau, akaingia mto Kiptiget kwenye baridi, akavua samaki asiyetosha mboga ya mtu mmoja, kisha akamrudisha majini. Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwani mbele ya mzee aliyevua mbuta (sangara) na ngege (sato) pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, tangu ujana wake, mimi mwenye ufito na mshipi mmoja sina sauti. Hata hivyo maswali yako yalikuwa ya haki, na nimeona niyajibu hadharani kwa kuwa wengi huniuliza yayo hayo.

Ulisema kwanza kwamba trauti, samaki ninayemvua Kiptiget, ni mgeni, na hilo ni kweli tupu. Walowezi walileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti mwaka 1905 na kumpanda katika mito ya Aberdare, kisha trauti wa upinde wa mvua akaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910, na baadaye samaki hao wakapelekwa hadi mito ya Mlima Elgon, Cherangani na Mau. Wewe uliyeshuhudia fulu, wale samaki wadogo wa asili, wakiadimika baada ya mbuta kutiwa ziwani miaka ya 1950 una kila sababu ya kumshuku samaki aliyeletwa. Sitakuambia kwamba trauti hakumdhuru yeyote, kwa kuwa hula wadudu na samaki wadogo, na alipofika mtoni hakukuta meza tupu. Tofauti ni kwamba mbuta alipewa ziwa zima, ilhali trauti amezuiliwa na joto. Maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu, naye haishi bila oksijeni nyingi. Hustawi panapokuwa na nyuzijoto 18 au pungufu, na zikifika 25 uhai wake umo hatarini. Maji ya Kiptiget huingia mto Yurith, yakashuka kwa mto Sondu hadi ziwani kwenu, lakini trauti mwenyewe hawezi kuyafuata huko.

Sasa kuhusu uvuvi wenyewe, ambao uliuita mchezo wa watoto. Ukiinua jiwe lolote katika mto ule na kuligeuza, utaona mabuu ya wadudu yamejibana upande wa chini, bapa, yenye miguu sita na mikia membamba. Kando yake kuna mengine yaliyojijengea vijumba vya punje za mchanga zilizogandishwa kwa uzi wao wenyewe. Mabuu hayo yakikomaa huelea juu, hutoka magamba na kuruka, na baadhi husombwa na maji kabla mbawa hazijakauka. Trauti husimama nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe. Kwa hiyo chambo changu ni unyoya wa shingo ya jogoo uliozungushwa kwenye ndoano ndogo isiyozidi punje ya mchele, na kazi yote ni kukidondosha mbele yake kidogo, upande mkondo unakotoka, kisha kukiacha kiteremke kwa mwendo uleule wa maji. Mshipi ukivutwa na mkondo hata kidogo, nzi huyo bandia hukata maji kwa mstari ambao mdudu wa kweli hauchori, na samaki hageuki. Inakubidi umwendee kutoka nyuma, ukipanda mto, ukiinama, kivuli chako kisimfikie. Wewe huvua usiku kwa taa, samaki wakaja kwenye mwanga. Huku mwanga ndio unaokufichua.

Umbo lake dogo nalo lina sababu. Maji ya milimani ni safi lakini hayana chakula kingi, kwa hiyo samaki hukua polepole, na anayezidi robo kilo kwangu ni wa kujivunia. Wavuvi wakichukua kila wanayemnasa, kidimbwi hubaki kitupu. Ndiyo maana huilowesha mikono kwanza ili nisiukwangue ute unaomkinga, nikamchomoa ndoano akiwa bado majini, nikamshika akitazama mkondo hadi aondoke mwenyewe. Si sheria ya Mungu, lakini. Mara mojamoja humkaanga mmoja kwa chumvi tu, na wala siombi radhi.

Ulipouliza faida ya haya yote nilikosa jibu la haraka, na jibu lenyewe linakuhusu wewe kuliko mimi. Trauti wa Kiptiget huzaliana wenyewe: jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, kisha huyafukia mayai, nayo huishi kwa maji yanayopenya kati ya mawe. Miti ya kando ya mto ikikatwa, jua huyapasha maji, na mvua ya kwanza huleta udongo unaoziba changarawe ile, mayai yakakosa hewa. Udongo huohuo haukomi pale. Unashuka hadi Sondu, mto ambao ningu, samaki wa asili wa ziwa lenu, huupanda kwenda kuzaa, na mwishowe hufika ziwani. Ulipolalamika kwamba mdomo wa Sondu umekuwa rangi ya chai, ulikuwa ukizungumzia kingo ninazosimama mimi.

Njoo Januari, kabla ya mvua ndefu, maji yakiwa meupe. Kibali cha kuvua na ruhusa ya kuingia msituni nitavishughulikia mimi. Chukua sweta nzito na viatu visivyoteleza; jezi yako ya Gor Mahia inaruhusiwa, kwa kuwa kijani hakiwashtui samaki. Ndoano za mbuta ziache Dunga.

Mpwa wako