Jarida likikataa makala, soma barua kabla ya kutuma kwingine

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahadhiri vijana na wanafunzi wa shahada ya uzamivu ambao makala zao zimerudishwa na majarida ya kitaaluma. Vyuo vyetu hudai makala zilizochapishwa kabla ya kumpandisha mtu cheo, na vingine kabla ya kumruhusu ahitimu, lakini ni nadra mtu kufundishwa la kufanya barua ya kukataliwa inapofika. Wengi huifungia kazi kabatini, au huituma kwa jarida jingine jioni ileile bila kugusa neno. Njia zote mbili hupoteza makala ambazo zingeweza kuokolewa.

La kwanza ni kutambua umepata barua ya aina gani. Ikiwa imefika ndani ya siku chache au wiki mbili, bila maoni ya wapitiaji, yaani wataalamu wanaoombwa na jarida kuipima makala kabla haijachapishwa, makala imeishia mezani kwa mhariri. Hapo mara nyingi mada haiendani na jarida, au maneno yamezidi, au maelekezo kwa waandishi hayakufuatwa, au namba ya kibali cha maadili, yaani ruhusa rasmi ya kufanya utafiti kwa watu, haikutajwa. Wakati mwingine nafasi tu ndiyo haipo. Mwaka 1937 mwanabiokemia Hans Krebs alituma kwa jarida la Nature barua, yaani taarifa fupi, kuhusu mzunguko wa asidi ya sitriki, njia ambayo seli hupata nishati, akajibiwa kuwa barua zilizokwisha pokelewa zinatosha kujaza kurasa kwa wiki saba au nane. Akaipeleka kwa jarida la Enzymologia la Uholanzi, likaichapisha mwaka huohuo, na mwaka 1953 alipata Tuzo ya Nobeli. Makala iliyokataliwa kwa namna hii mara nyingi haihitaji kuandikwa upya. Inahitaji jarida sahihi na kufuata maelekezo yake.

Barua inayokuja baada ya miezi mitatu hadi sita, ikiwa na ripoti mbili au tatu za wapitiaji, ni jambo jingine. Isome mara moja, iweke kando siku mbili tatu, kisha uirudie hasira ikiwa imetulia. Tafuta kwanza maneno ya mhariri mwenyewe, hasa sentensi zake za mwisho. Kuna barua zinazokataa toleo hili lakini zinamkaribisha mwandishi alete jipya baada ya kufanya kazi zaidi. Watu wengi huona neno la kukataa wakaacha kusoma, na nafasi iliyokuwa wazi inapotea hivyo.

Halafu chora jedwali la safu tatu: hoja ya mpitiaji, hatua utakayochukua, na ukurasa utakaobadilika. Vunja kila ripoti katika hoja mojamoja, hata zile zinazokuudhi. Hoja iliyotolewa na wapitiaji wawili bila kujuana ichukuliwe kuwa kweli mpaka uthibitishe vinginevyo. Mpitiaji akiwa amekuelewa vibaya, usikimbilie kumlaumu. Tazama aya aliyoisoma, maana msomaji mwingine ataanguka palepale. Na maoni kwamba Kiingereza kinahitaji kuhaririwa yasikupeleke moja kwa moja kwa mhariri wa lugha wa kulipwa. Mara nyingi hoja yenyewe ndiyo haijanyooka, na sarufi nzuri haitainyoosha.

Mengi yanatibika: utangulizi usioonyesha pengo la utafiti, marejeleo yaliyopitwa na wakati, uchambuzi wa takwimu usiofaa aina ya data, na hitimisho linalozidi ushahidi. Kosa hili la mwisho ni la kawaida mno. Mtu amehoji walimu wa shule nne katika wilaya moja, lakini kichwa cha makala kinazungumzia walimu wa Tanzania. Punguza dai lifikie ukubwa wa data, na makala inasimama. Yapo pia yasiyotibika. Kibali cha maadili hakiombwi baada ya data kukusanywa, na sampuli iliyochaguliwa kwa upendeleo haisahihishwi kwa kuandika vizuri. Katika hali hiyo tafuta swali dogo ambalo data yako inaweza kulijibu kwa uaminifu. Lisipopatikana, acha.

Kwa nini usitume upya bila kurekebisha? Kwa sababu nyanja zetu ni ndogo. Wanaoweza kupitia makala ya isimu ya Kiswahili au ya malaria katika ukanda wetu si wengi, na jarida la pili linaweza kumwomba mpitiaji yuleyule. Akikuta makosa aliyoyaonyesha yapo vilevile, hatakuwa na sababu ya kutumia muda wake tena. Kabla ya kutuma badilisha mtindo wa marejeleo, hesabu maneno ya ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, na hakikisha barua ya kuwasilisha haina jina la jarida la kwanza. Kosa hilo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Waandishi wenza wote waone toleo jipya na kulikubali. Wala usitume kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Huo ni ukiukaji wa maadili hata kama unachelewa.

Rufaa kwa mhariri dhidi ya uamuzi wake inafaa pale tu mpitiaji alipokosea jambo linaloweza kuthibitishwa, kwa mfano kudai jedwali halipo ilhali lipo. Iwe ukurasa mmoja, ieleze kosa na mahali lilipo, isitaje uchovu wako. Rufaa ikiwa mezani, makala haiwezi kwenda kwingine, kwa hiyo pima muda.

Hatari kubwa zaidi huja wiki ile ya majonzi, pale barua pepe inapoahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa malipo. Jarida la namna hiyo likikuchukulia haki ya kuchapisha, huwezi tena kuipeleka makala mahali pa heshima, na wengine hudai pesa hata ukitaka kujitoa. Namba ya ISSN, ambayo majarida hupewa, hutambulisha chapisho tu, haithibitishi ubora wake. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, fungua makala zake chache uzisome, na umwandikie mjumbe mmoja wa bodi ya uhariri kuuliza kama anajua jina lake limewekwa pale. Jarida halali likitoza ada, omba msamaha wa ada unapotuma makala. Baada ya kukubaliwa wachapishaji wengi hawasikilizi.

Wanaoandika kuhusu lugha na fasihi yetu wasidharau Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha yanayotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makala iliyokataliwa ughaibuni kwa kuwa mhariri aliona data ni ya eneo dogo inaweza kupata huko wasomaji wanaoijua data hiyo.

Kwa wakuu wa idara nina ombi moja: tengeni saa moja kila mwezi, wahadhiri waandamizi walete barua walizokataliwa wao pamoja na majedwali yao ya marekebisho, vijana wazisome.

Msomaji wako,
Morogoro