Aliyeacha steroidi naye anahitaji daktari

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kijana anayejidunga steroidi za kutunisha misuli hahitaji ushauri mwingi, bali aache tu, kwa kuwa mwili utajirudi wenyewe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inanitia wasiwasi. Nilijidunga kwa miaka 3, nikaacha, na mwili wangu kwa sehemu kubwa umerudi. Lakini hakuna aliyenieleza kwamba kati ya kuacha na kurudi kuna kipindi kirefu ambacho mtu hukaa hana homoni za sindano wala hana zake mwenyewe. Ni katika kipindi hicho ambapo wengi hurudia sindano, kama nilivyorudia mimi.

Sizungumzii hapa dawa kama prednisoloni, ambazo madaktari huwaandikia wagonjwa wa pumu au wa baridi yabisi. Hizo nazo huitwa steroidi, lakini kazi yake ni nyingine, na mgonjwa aliyezitumia kwa wiki kadhaa asiziache ghafla kwa sababu ya kusoma barua hii, kwani tezi zilizo juu ya figo zinaweza kuwa zimelala na akaanguka vibaya. Hupunguzwa taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Turudi kwa wenye misuli. Korodani hazitengenezi testosteroni, yaani homoni ya kiume ambayo steroidi hizi huiiga, kwa uamuzi wake. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huichochea tezi ya pituitari, nayo pituitari hupeleka homoni mbili kwenye korodani, moja ikizitaka zitengeneze testosteroni, nyingine ikisaidia kukuza mbegu. Damu inapojaa steroidi kutoka nje, ubongo huona kuna ziada na kuacha kutuma amri. Korodani husinyaa, na mbegu hupungua, pengine mpaka zikaisha kabisa. Athari hii inajulikana vizuri kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, kwa kuwadunga miligramu 200 za testosteroni kila wiki, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990: wengi wao walifikia kutokuwa na mbegu hata moja. Wanaotafuta misuli mara nyingi huipita dozi hiyo kwa mbali, tena kwa kuchanganya dawa kadhaa.

Sindano ya mwisho haikomi siku ileile. Dawa iliyoyeyushwa katika mafuta huendelea kuvuja kutoka kwenye msuli kwa wiki kadhaa, na kwa hiyo majuma mawili ya kwanza nilijiona mzima na kuamini kwamba wanaolalamika wana udhaifu wa nia. Kisha dawa ikaisha, na amri kutoka ubongoni ilikuwa bado haijaanza kutumwa. Niliamka kila asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Hamu ya tendo la ndoa ilitoweka, si kupungua, na mke wangu akadhani nina mwanamke mwingine, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumweleza sababu. Mashati yalianza kulegea mabegani; sehemu kubwa ya ujazo unaoondoka mwanzoni ni maji, na baadaye msuli wenyewe hupungua huku mafuta yakiongezeka tumboni. Hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni huzuni, nzito na isiyo na sababu ninayoweza kuitaja, iliyonifanya nikae ndani ya gari nje ya kazini kwangu nikishindwa kufungua mlango. Sasa najua kwamba sonona ni miongoni mwa matokeo yanayofahamika ya kuacha dawa hizi, na kwamba wapo wanaofikia kutaka kujiua. Wakati ule nilidhani ndivyo nilivyo pasipo dawa.

Nilikwenda kumwona daktari. Aliposikia neno steroidi aliniambia nimeyataka mwenyewe, akanipa vitamini. Wiki hiyohiyo nilijidunga tena, na ndani ya siku chache nikawa mtu mchangamfu. Nikaendelea kwa miezi 4 zaidi. Sisemi haya kujitetea, kwa kuwa mkono ulioshika sindano ulikuwa wangu. Nasema ili madaktari wajue kwamba mgonjwa wanayemfukuza kwa karipio ana tiba nyingine mfukoni, nayo hufanya kazi haraka.

Daktari wa pili hakunikaripia. Alipima testosteroni asubuhi, pamoja na homoni za pituitari, wingi wa chembe za damu, mafuta katika damu na ini, akarudia vipimo kila baada ya miezi 3, akanipeleka pia kwa mshauri wa afya ya akili. Alinieleza bila kunidanganya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006, wa wanaume waliowahi kutumia homoni kwa ajili ya uzazi wa mpango, ulionyesha kwamba kwa nusu yao mbegu zilirudi kwenye kiwango cha kuridhisha katika takriban miezi mitatu na nusu, kwa asilimia 90 katika mwaka mmoja, na kwa wote katika miaka 2. Lakini hao walikuwa wanaume wenye afya waliopewa dozi zilizopangwa na watafiti. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2016 uliwakuta watu waliojidunga kwa ajili ya misuli na kuacha, kwa wastani, zaidi ya miaka 2 kabla, wakiwa bado na testosteroni pungufu kuliko wasiowahi kujidunga. Yangu ilichukua miezi 14 kufika kiwango cha chini kinachokubalika.

Yapo yanayorudi kwa uhakika zaidi: chunusi hupungua, kolesteroli nzuri hupanda tena, na damu iliyokuwa imezidi chembe nyekundu hurejea hali yake. Yapo yasiyorudi. Tezi ya matiti ikishaota chini ya chuchu ya mwanamume haiyeyushwi na mazoezi, na mara nyingi huondolewa kwa upasuaji. Mwanamke ambaye sauti yake imekuwa nzito hubaki nayo. Kijana aliyeanza kabla ya kumaliza kurefuka anaweza kufungwa ncha za mifupa yake mapema, na kimo alichokipoteza hakipati tena. Utando wa mafuta uliokwisha kujijenga ndani ya mishipa ya moyo hausafishiki kwa sababu tu sindano zimekoma, na kwa hiyo aliyetumia kwa miaka mingi apimwe moyo hata kama anajisikia vizuri.

Nawaomba walimu wa mazoezi wasiwauzie vijana hawa vidonge vya kuamsha korodani kwa kukadiria, na wake, kaka na marafiki wasiuchukulie ukimya wa mtu aliyeacha kuwa ni kiburi. Nao wanaokwenda kupimwa waandike jina la kila dawa waliyotumia na tarehe ya sindano ya mwisho. Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza daktari wa pili, kwa kuwa aliyedungwa testosteroni akipimwa wakati dawa ingali katika damu huonekana ana homoni nyingi, hali mwili wake hautengenezi hata kidogo.

Wako,
Msomaji (jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)