Walijua

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kuna neno limenikaa kooni. Umesema tusiwahukumu waliowatia Waafrika utumwani, kwa kuwa enzi zile watu hawakujua kuwa ni vibaya. Hapo sikubaliani nawe, na kwa vile tumezoea kuambizana ukweli, nitakueleza.

Mwaka 1444, Waafrika 235 waliotekwa pwani ya Afrika Magharibi walishushwa Lagos, kule Ureno, ili wagawanywe. Aliyeandika habari hiyo ni Zurara, mwandishi wa mfalme, aliyekusudia kumsifu Mwanamfalme Henrique, aliyeziruhusu safari zile. Lakini hata yeye anasimulia jinsi akina mama walivyowakumbatia watoto wao na kujilaza chini, wakivumilia kipigo, mradi wasitenganishwe nao. Anakiri kwamba aliwalilia. Kisha anajifariji kuwa roho zao zitaokoka. Rehema, mtu akiona jambo ni halali tupu, analia nini? Na ya nini kutafuta faraja?

Hiyo faraja ikawa sera. Mwaka 1452 Papa Nicholas V alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia wapagani katika utumwa wa kudumu. Sasa, ikiwa shabaha ni kuokoa roho, mtumwa akishabatizwa inakuwaje? Swali hilo liliwasumbua wenye mashamba wa Virginia, koloni la Waingereza kule Amerika, na mwaka 1667 wakatunga sheria: ubatizo haumwachii mtu huru. Sababu ikaondolewa, minyororo ikabaki. Mimi hapo ndipo nilipoelewa kwamba mnunuzi alitangulia, hoja zikaja nyuma yake.

Wengine walishika laana ya Hamu, mwana wa Nuhu, wakidai kuwa Waafrika ni uzao wake na wamelaaniwa kuwa watumwa. Fungua Mwanzo sura ya 9 uisome polepole. Nuhu anamlaani Kanaani, mwana wa Hamu, si Hamu mwenyewe, na rangi ya ngozi haitajwi popote. Ahmad Baba, mwanazuoni wa Timbuktu, aliipinga hoja hiyo mwaka 1615: weusi si sababu ya mtu kufanywa mtumwa. Sitakuficha kwamba yeye naye aliona ukafiri kuwa sababu halali. Mlango mmoja aliufunga, mwingine akauacha wazi.

Linaloniumiza zaidi ni la daktari Samuel Cartwright wa Marekani. Mwaka 1851 alitangaza kuwa watumwa wanaotoroka wana ugonjwa wa akili, akaupa jina la kitaalamu, na kati ya tiba alizopendekeza kulikuwa na viboko. Mtu anatamani kuwa huru, anaambiwa ni mgonjwa! Na huyu alikuwa msomi, si mlevi wa mtaani.

Halafu nikuulize: unaposema "watu wa enzi zile", unawahesabu akina nani? Ottobah Cugoano alitekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1787, akiwa London, alichapisha kitabu akizijibu hoja hizi, laana ya Hamu ikiwemo. Naye alikuwa mtu wa enzi zile. Mamilioni waliopakiwa merikebuni nao walikuwa watu wa enzi zile, na hakuna aliyehitaji kufundishwa kuwa ni vibaya. Hata hivyo, Uingereza ilipopiga marufuku utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti.

Wala tusiwanyooshee kidole Wazungu peke yao. Pwani yetu ilikuwa na hoja zake, na zimo ndani ya Kiswahili hiki ninachokuandikia. Kulikuwa na mwungwana, na kulikuwa na mshenzi, yaani mtu wa bara. Akishaitwa mshenzi, kumfunga kamba na kumteremsha hadi soko la Unguja kulionekana kama kumtoa gizani. Soko lile lilifungwa mwaka 1873. Neno tunalo bado. Juzi nilimkemea mwanangu, "acha ushenzi", kisha nikanyamaza ghafla, naye akanitazama asijue kilichonipata.

Nijibu, hata kama bado unanipinga. Hasa nijibu kuhusu wale akina mama wa Lagos.

Rafiki yako akupendaye,
Salome